Siku Tulizoomba Ndeke Ivunjike

Mama Titulere tulimzika mwezi uliopita. Siku ya pili ya kilio, nyumbani kwake Nyamianda, nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu tukichambua sombe, majani ya muhogo, nikaona mzee mmoja anaingia langoni ameshika kofia mkononi. Alikuwa mwembamba, mvi zimemjaa, na mguu mmoja anauburuta kidogo. Sikumtambua mpaka alipofungua kinywa kuwapa pole wafiwa. Sauti haizeeki kama uso. Ilikuwa sauti ya Kashindi, fundi Kashindi, ambaye alivuka ziwa mwishoni mwa mwaka ule mbaya na ambaye wengine wetu tulishamhesabu na marehemu. Nilisimama bila kujua kwamba nimesimama, majani yakamwagika miguuni. Alinitazama kwa muda, akasema, "Zaina, ungali hapa?" kana kwamba tuliachana juzi sokoni. Nikamjibu, "Minye niende wapi?" Tukashikana mikono, tukaletewa chai na mkate, tukakaa kando ya ukuta. Mjukuu mmoja wa marehemu, binti wa chuo, aliniinamia sikioni akaniuliza huyu mzee alikuwa nani kwa bibi yao. Nikamwambia, fundi wake. Mengine yalikuwa marefu mno kusemwa kilioni. Tangu siku ile nimekuwa nikiamka na mwaka ule kichwani, na nimeona heri niuandike kuliko kuendelea kuuzungusha peke yangu.

Ulikuwa mmoja wa ile miaka ya vita, pale barabara ya kwenda Bukavu ilipofungwa, na ya kwenda Baraka ikafungwa, na sisi wa Uvira tukabaki tumebanwa kati ya milima na maji. Nilikuwa muuguzi kijana kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Kavimvira, karibu na ziwa kiasi kwamba mawimbi ya kiangazi yalisikika katika kila chumba. Huku kwetu muuguzi anayeshika kituo anaitwa titulere, na kwa kuwa wetu alikuwa mwanamke mwenye umri, kila mtu alimwita Mama Titulere, hata padri, hata mumewe alipokuwa hai. Alinipa chumba nyuma ya famasi, chenye kitanda cha chuma na dirisha lisilofunga vizuri. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa chumba cha kuzalishia, na wa upande wa pili ulikuwa wa kijichumba cha betri. Kwa hiyo nilizoea kulala katikati ya sauti mbili, vilio vya wanawake wanaojifungua na mvumo mdogo wa umeme unaoingia. Mpaka leo nikilala mahali penye kimya kabisa huwa nashtuka.

Umeme ule ulitoka juu ya mlongoti. Mapadri walikuwa wamesimamisha mashine ya upepo nyuma ya kituo kabla ya vita, chuma kirefu kilichoshikiliwa na nyaya, na kileleni kijimashine chenye mkia na mapanga matatu meupe. Watu waliiita ndeke, kama tunavyoita huku eropleni. Ndeke ilijaza betri, betri zikatoa taa katika chumba cha kuzalishia na nguvu ya foni, ile redio ambayo watu walipanga foleni kuzungumza nayo ili wajue kama ndugu zao wa Bukavu au wa Fizi wangali wazima. Unaweza kufikiri ni kitu kidogo. Lakini mwanamke akichanika na damu ikatoka, mkono wa muuguzi unafuata jicho, na jicho linafuata taa. Mama Titulere alinifundisha hilo juma langu la kwanza, nikiwa nimeshika uzi na sindano, akaniambia, "Ukiona vizuri, utashona vizuri. Usipoona, unashona sala tu."

Kashindi ndiye aliyeitunza. Alikuwa amesomea umeme Bukavu, mtu wa shati safi na maneno machache, na alikuwa na tabia ya kubandika sikio kwenye mlongoti kama daktari anayesikiliza kifua. Tulikula pamoja watatu, mchana, kwenye meza ya Mama Titulere: bugali ya muhogo, vidagaa vya ndakala au, siku njema, samaki wa mukeke wa kuchoma. Ni kwenye meza ile, mwanzoni mwa mwaka, alipoweka tonge lake chini na kusema rulema ya mbele imeanza kulia. Rulema ni ile pete ya chuma yenye gololi ndani, ambayo wengine wanaiita beringi. Mapanga yote yanazungukia juu yake.

"Italia mpaka lini?" Mama Titulere aliuliza.

"Inategemea sisi. Tukiiacha izunguke kila upepo unapokuja, kiangazi hiki haitakimaliza. Tukiichagulia upepo, inaweza kutufikisha mwaka, hata miwili."

"Na rulema ingine?"

"Iko Ulaya. Bujumbura niliuliza, haiko. Na barabara njo hizi munaziona."

Akatueleza, akichora kwa kidole kwenye meza. Chuma hakichoki kwa sababu ya siku, alisema, kinachoka kwa sababu ya mapigo. Upepo wa asubuhi unaotoka milimani ni mpole na unakuja sawasawa. Huo unajaza betri bila kuumiza. Ule wa kusini wa saa tisa, unaolifanya ziwa liwe jeupe, unakuja kwa vishindo, unaipiga mashine na kuiachia, unaipiga na kuiachia. "Wa asubuhi unatulisha," alisema, "wa saa tisa unatula." Kwa hiyo tangu siku ile ndeke ilizunguka asubuhi, na ziwa lilipoanza kuchafuka Kashindi aliuzungusha mpini wa breki pale chini, mkia ukakunjika, mapanga yakageuka ubavu kwa upepo na kusimama. Tulizima taa za varanda na za ofisi. Foni ilifunguliwa asubuhi tu. Alishusha mapanga moja moja, kwa sababu mchanga wa bonde la Ruzizi ulikuwa umeyala kingo, akayaziba kwa gundi na nyuzi, kisha akayapima kwenye mizani ya watoto wachanga ili yawe na uzito mmoja. Mama Titulere alimkuta, akamfokea kwa kulaza chuma kichafu mahali pa watoto, halafu akacheka mpaka akaketi. Grisi alikuwa akiiomba kwa wenye motaboti pale bandarini. Na mimi alinifundisha kazi yote, kwa sababu, alisema, katika vita kazi isiyojulikana na watu wawili ni kazi iliyokufa. Jambo moja alilirudia mara nyingi: nisithubutu kuchomoa waya wa betri wakati ndeke iko inazunguka. Betri ndizo mzigo wake. Ikinyang'anywa mzigo katika upepo mkubwa, itakimbia hadi ijivunje.

Mpango ule ulikuwa mzuri. Ninasema hivyo leo kama nilivyosema wakati ule. Tatizo ni kwamba ulionekana vibaya. Mtu akipita barabarani saa tisa, vumbi linamchapa machoni, mabati yanapigapiga, halafu anainua macho anaona ndeke imelala, hawezi kuelewa. Asubuhi, kuna kijiupepo cha kutikisa jani tu, ndeke iko inazunguka. Nilikuwa nikisikia maneno kupitia lile dirisha langu baya, wanawake wakingojea zamu ya kliniki. "Upepo wote huu, na ndeke imesimama." "Banatuficha kitu." Mmoja ambaye ndugu yake alikuwa Kigoma, na ambaye alikuwa amekatiwa foni katikati ya mazungumzo, alisema kwa sauti ya kutaka isikike, "Umeme wanaupelekea wakubwa wao." Mama Titulere alitoka na kuwaeleza habari ya rulema, wakamsikiliza kwa heshima, na alipoingia ndani wakaendelea. Kisha likaja neno lingine, ambalo sikujua lilianzia kinywani mwa nani. Wapiganaji wa milimani walikuwa wakishuka kushambulia mara kwa mara nyakati za alasiri, nafikiri kwa sababu upepo unafunika kishindo cha miguu. Mtu akaunganisha, akasema ile ni ishara. Ndeke ikisimama, banashuka. Ndeke ikizunguka, banabaki juu. Mlongoti unaonekana kutoka kila kilima. Nani anayeushika mpini?

Walikuja kumchukua Kashindi tukiwa mezani. Ninakumbuka mvuke wa bugali na nzi mmoja kwenye ukingo wa bakuli. Waliingia askari watatu wa wale walioshika mji wakati huo, hawakupiga kelele, mmoja hata alisalimia. Walimuuliza kama yeye ndiye fundi, akasema ndiye, wakamshika mikono huku vidole vingali na mchuzi. Mama Titulere alisimama mlangoni akauliza wanampeleka wapi. Yule aliyesalimia akamsogeza kwa kiganja, polepole, kama mtu anavyosogeza pazia. Nilibaki nimekaa. Sijui ni muda gani ulipita kabla sijagundua kwamba nilikuwa nikilitazama tonge lake, lenye alama za vidole vyake, limekaa kwenye sahani kama kawaida.

Kesho yake tulikwenda kwa komanda, Mama Titulere na mimi. Alikuwa ameshika nyumba ya mfanyabiashara mmoja aliyekimbia, karibu na mpaka, yenye viti vya velveti na saa kubwa ya ukutani. Alitukaribisha vizuri. Aliagiza tuletewe Fanta, akangoja tunywe kwanza. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, sauti ya chini, Kiswahili chake cha mbali, cha kunyooka kama cha kitabuni. Mama Titulere alimweleza yote, rulema, upepo wa asubuhi, upepo wa saa tisa, na komanda akasikiliza bila kumkatiza hata mara moja. Nilianza kupumua. Kisha akasema:

"Fundi wenu ameniambia maneno hayohayo. Mimi si fundi, nitajuaje? Basi tutaiacha izunguke, usiku na mchana, upepo wowote. Ikivunjika, alisema kweli, na nitamrudisha kwenu. Isipovunjika, alikuwa anaisimamisha kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ninaijua."

Mama Titulere aliweka chupa chini. "Na ikivunjika, wazazi wangu pale chumba cha kuzalishia watapata wapi mwanga?"

"Mama," alisema yule mtu, kwa upole uleule, "umekuja kulilia mtu au kulilia taa?"

Nilikuwa nimesikia hadithi za zamani, za mshukiwa kunyweshwa dawa, akitapika hana hatia, asipotapika ni mchawi. Nilidhani ni mambo ya watu wa kale. Sikujua kwamba mtu mwenye saa ya ukutani na Fanta baridi anaweza kuyasema tena, na kuyaita ushahidi. Njiani kurudi Mama Titulere alitembea mbele yangu bila kugeuka, mkoba umebanwa kwapani, na tulipofika tu tukawakuta askari wameshafanya kazi yao. Walikuwa wamefunga mkia kwa waya usiweze kukunjika, wamefungulia breki, na chini ya mlongoti ameketi mlinzi kwenye kigoda cha jikoni mwetu, bunduki magotini.

Alasiri ile ya kwanza nilijikunyata chumbani nikingoja mshindo. Upepo ulikuja na nguvu zake zote, mlongoti ukatetemeka, mapanga yakaungana yakawa duara moja jeupe. Jua likazama. Ndeke ilikuwa inazunguka. Siku iliyofuata hivyohivyo, na iliyofuata. Nilibandika sikio kwenye chuma kama alivyonifundisha. Rulema ililia, ndiyo, lakini ilikuwa ikilia vilevile kama mwezi uliopita, haikuongeza. Ndipo nikaelewa. Kashindi alikuwa ameitunza vizuri mno. Miezi ile yote ya kuipumzisha, gundi, grisi ya kuomba, mapanga ya uzito mmoja, vyote vilikuwa vimeipa mashine nguvu ya kustahimili upepo ambao yeye alisema haiwezi kustahimili kwa muda mrefu. Ingevunjika, bila shaka, lakini baada ya wiki nyingi, labda miezi. Hapakuwa na mtu wa kumngojea miezi.

Na jambo baya zaidi ni kwamba tulikuwa na mwanga. Betri zilijaa mpaka maji yake yakachemka. Taa za varanda ziliwaka, za ofisi ziliwaka, foni ikawa wazi mchana kutwa. Akina mama walifurahi. Yule ambaye ndugu yake alikuwa Kigoma alizungumza naye mpaka akatosheka, akatoka anafuta machozi, akaniambia, "Si munaona sasa? Iliwezekana." Hakusema kwa ubaya. Kila taa iliyowaka ilikuwa shahidi dhidi ya Kashindi, na sisi ndio tuliokuwa tukishona na kuzalisha chini yake. Nilikuwa nikimpelekea chakula kwenye lango la pale walipomfungia. Hawakuniruhusu kumwona, walipokea sahani, na baadaye wakairudisha tupu. Siku moja ilirudi kama ilivyokwenda, sombe imekauka juu yake. Askari wa langoni, ambaye nilimtibu mtoto wake, alinitazama pembeni akasema, "Dada, komanda anangoja mpaka Jumapili. Halafu basi."

Nilimkuta Mama Titulere chumbani kwake anapiga magoti. Nami nikaketi sakafuni nikainua mikono yangu, kila mtu na dini yake, tukamwomba Mungu jambo ambalo sidhani kama limewahi kuombwa tena katika kituo cha afya: kwamba taa ya wazazi ivunjike. Tulipomaliza nikamwambia habari ya waya wa betri. Sikupanga kumwambia. Ilinitoka tu. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja la kiuguzi, yaani itachukua muda gani. Nikamwambia upepo wa saa tisa ukiwa mkali, dakika chache.

"Na yule anayeketi pale chini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mapanga yale yangeruka, na hakuna ajuaye yangeangukia wapi. Mlinzi wa zamu ya alasiri alikuwa sajini mmoja mtu mzima, katoka mbali, Kiswahili kilimshinda. Tangu juzi alikuwa na homa, akitetemeka kwenye jua amejifunika koti. Mama Titulere alisogea dirishani, akamtazama.

"Ana malaria," alisema mwishowe. "Kesho atapata sindano yake ya kinini, saa tisa, ndani, amelala. Weye utamdunga. Waya ni wangu."

"Mama, minye njo ninajua ule waya."

"Utanionyesha leo. Wakija kuuliza, nitakuwa minye. Weye ungali na watoto wa kuzaa."

Jumamosi ile upepo ulikuja mapema. Nilimwita sajini, akakataa kuacha kigoda chake. Mama Titulere akatoka mwenyewe, akamgusa shingo kwa nyuma ya mkono, akamkaripia kama mwanawe kwamba homa hii itampanda kichwani. Akaja. Nilimlaza kifudifudi kwenye kitanda cha chumba cha sindano, bunduki yake akaiegemeza ukutani karibu na mkono wake. Nikavuta dawa kwenye bomba taratibu kuliko nilivyowahi kuvuta. Nilikuwa nimeshamchoma, kidole gumba kikisukuma, niliposikia sauti ya juu ikibadilika. Kwanza ilikuwa mluzi, kisha mluzi ukapanda, kisha ukawa kitu ambacho sina jina lake, ukelele wa chuma unaoingia kwenye meno. Glasi za dawa zilianza kugongana kwenye rafu. Sajini akainua kichwa.

"Nini hiyo?"

"Upepo," nikamwambia. "Usitikisike, sindano itakatikia ndani."

Akarudisha kichwa. Nikaendelea kusukuma dawa. Kisha ukasikika mlio mmoja kama bunduki kubwa, kishindo juu ya bati, kishindo kingine ardhini, mlongoti ukapiga nyaya zake, na baadaye kimya ambacho sikuwa nimekisikia katika nyumba ile tangu nifike. Mwanamke mmoja akaanza kulia wodini. Nilichomoa sindano, nikabandika pamba, nikamwambia sajini aishikilie.

Alitoka mbele yangu, suruali ameishika kwa mkono mmoja. Panga moja lilikuwa limetoboa bati la jikoni. La pili sikuliona kamwe, nadhani liliingia ziwani. La tatu lilikuwa limechimba ardhi chini ya mlongoti, na kigoda alichokuwa amekalia kilikuwa vipande visivyofaa hata kuwashia moto. Mama Titulere alitokea upande wa famasi akifuta mikono kwenye aproni. Sajini alikitazama kigoda. Akamtazama Mama Titulere. Akanitazama mimi, na bomba la sindano nililokuwa bado nimelishika. Uso wake ulikuwa umepauka kama jivu, na nilijua kwamba ameelewa kitu, lakini ni kipi, kwamba tumevunja mashine au kwamba tumemwondoa pale, sikuweza kujua. Komanda alipofika jioni, akaokota kipande cha panga na kukigeuzageuza, sajini alisimama wima akampa ripoti: upepo ulikuwa mkubwa kupita siku zote, mashine imelia, imevunjika, ingemuua. Hakutaja sindano. Komanda alikirudisha kipande chini kwa uangalifu.

"Basi alisema kweli," alisema. Na kabla ya kupanda gari akageuka na kuuliza, kwa nia njema kabisa, "Mnafikiri ataweza kuitengeneza?"

Kashindi aliletwa Jumapili, wakati kengele za misa zinapigwa. Walimshusha barabarani akatembea mwenyewe mpaka kwetu, mguu ukiwa umevimba, jicho moja limefunga. Hakutaka kukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kijimashine cha kileleni tulichokuwa tumekishusha, akatia kidole katika rulema na kuizungusha. Ilizunguka. Aliizungusha tena, akasikiliza. Kisha akaingia kwenye kijichumba cha betri, akakaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuangalia waya mmoja. Mama Titulere alikuwa ameurudisha, lakini nati hakuikaza kama fundi anavyoikaza. Alipotoka aliomba maji. Alinawa, tukala, naye akala kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji.

Wiki zilizofuata alijaribu kuchonga mapanga ya mbao. Yalizunguka kidogo, yakapasuka. Betri zikaisha moja baada ya nyingine, tukarudi kwenye taa ya mafuta, na mafuta nayo yakawa ya kutafuta. Mvua zilipoanza alikuja mama mmoja kutoka njia ya Bijombo, amebebwa kwenye machela ya tipoi na shemeji zake tangu alfajiri. Mtoto alitoka mzima. Damu haikusimama. Kashindi alishika taa, nami nilishika kitambaa, na Mama Titulere alitafuta kwa vidole pale ambapo macho yake hayakuweza kufika. Ilikuwa alasiri tu, mawingu yamefunika, lakini katika chumba kile ilikuwa kama usiku. Alikufa kabla hatujamaliza kumwita jina. Mama Titulere alinawa mikono, akanawa tena, akaenda kuwaambia shemeji zake waliokuwa wamekaa varandani wakikausha miguu.

Siku iliyofuata tulikaa mezani kama kawaida, kwa sababu watu hula. Kulikuwa na mukeke mmoja kwa watu watatu. Kashindi hakumgusa samaki huyo. Alikuwa ameshaamua kuvuka ziwa kutafuta mashine nyingine, ingawa sisi hatukujua bado.

"Mama," alisema, "ule waya. Ungetuma muntu aniulize."

Sikuwahi kumsikia akimlaumu kwa jambo lolote. Mama Titulere hakushtuka. Nadhani alikuwa akiingojea siku hiyo tangu Jumapili ile.

"Ungesema nini?"

"Ningesema muiache izunguke."

Mama Titulere alimtazama kwa macho yaliyokuwa yamekesha. Kisha akachukua samaki, akatenga minofu na miiba kwa vidole, kama anavyofanyiwa mtoto, akaiweka upande wa Kashindi wa sahani.

"Njo maana sikukuuliza," alisema. "Kula."